Siwezi Kulala kwa Mama Yake

Keziah akiwa na pini mdomoni hasemi, na hiyo ndiyo saa mimi humwangalia vizuri.

Jumamosi hiyo alikuwa amepanda juu ya kiti dukani kwake, pale Noonkopir, Kitengela, anapima pazia la mteja, futi kamba imening'inia shingoni. Mimi nilikuwa nimekaa kwa benchi nikijifanya nangoja chai ipoe. Chai ilikuwa imepoa kitambo. Mwangaza wa dirisha ulipita kwa kile kitambaa chepesi ukamwangukia usoni, na mimi, mzee mzima wa mageti, nikasahau kikombe kiko mkono gani.

Akatoa pini ya mwisho. "Baba Naisula, unaangalia pazia ama unaangalia mtu?"

"Naangalia kiti. Kinaweza kuvunjika."

"Kwa hivyo mimi ni mzito?"

"Kiti ndicho kibovu. Mbao za siku hizi ni takataka, na wakubwa wanaona na wananyamaza."

Akacheka. Keziah ana mwanya, na akicheka huo mwanya ndio hutangulia, halafu macho, halafu yeye mwenyewe.

Naitwa Parsaoti, Baba Naisula kwa jina la binti yangu. Nachomelea mageti na madirisha ng'ambo ya barabara, mkabala na duka lake. Mke wangu Seleyian alifia hospitalini, oksijeni iko ndani ya stoo, stoo imefungwa, na mkubwa mwenye ufunguo yuko semina. Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa kununa. Maji yakikosa Kitengela, nanuna. Yakija, nanuna kwa sababu yamechelewa. Wateja walikuwa wananipa vipimo wakiwa wamesimama mbali, kama mtu anayeongea na mbwa asiyemjua. Halafu huyu mama akafungua duka la pazia, akavuka barabara siku ya kwanza tu, akaniambia, "Wewe, cheche zako zinatoboa vitambaa vyangu, na huo uso wako unafukuza wateja wangu. Chagua moja upunguze."

Nilipunguza zote mbili.

Naye alikuwa mjane. Kijana wake Timothy ameshaoa, yuko Loitokitok analima nyanya. Tulianza na chai, chai ikawa chakula cha mchana, na kanisani watu wakaanza kutuachia nafasi mbili zilizokaribiana bila mtu kuwaambia.

Sasa tulikuwa tunapanga safari. Keziah alizaliwa karibu na msitu wa Kakamega, kwa sababu baba yake alikuwa mpasua mbao, akahama kutoka Murang'a kufuata kazi. Mimi nimekulia kwa tambarare za Kajiado, ambapo ukisimama unaona mbuzi wako na wa jirani na wa jirani ya jirani. Siku nilimwambia sijawahi kuona msitu ambao jua halifiki chini, alinishika mkono mbele ya wateja akasema, "Nitakupeleka." Huo mkono sikutaka hata kuuosha.

Ilibaki kuchagua mahali pa kulala. Cate, mpwa wake anayeshona hapo dukani, ndiye alikuwa na simu na bando.

"Anko, cheki hii. Iko mjini Kakamega. Maji moto, televisheni kwa kila chumba."

"Televisheni ya nini? Nisafiri mpaka huko nikaangalie wakubwa wakigombana? Hao niko nao hapa."

"Haya, hii sasa ni ile ya wazungu. Nyumba ya zamani, bustani kali, taulo wamekunja kama bata."

Nikaangalia. Kweli bata alikuwa amekaa katikati ya kitanda, shingo juu. "Mahali wako na mtu wa kukunja bata, bei yake ni ng'ombe," nikasema. "Na barabara ya kwenda hapo utakuta ni mashimo. Waliambiwa watengeneze barabara, wakatengeneza bata."

"Na hii? Ni banda za nyasi, ndani kabisa ya hifadhi. Stima hakuna. Choo kiko nje. Ukiamka unapata mbega wamekaa juu ya paa. Wueh, kuna msee ameandika hapa, 'Nilipapenda sana, lakini kima aliingia akachukua mswaki.'"

"Mswaki?" Keziah alicheka mpaka akashuka kwa kiti. "Aupeleke wapi?"

"Hapo ndipo tunalala," nikasema. "Huyo kima simlaumu. Anaiba mchana, na hana ofisi."

Keziah akaja akakaa karibu na mimi kwa benchi. Bega lake lilinigusa, na alinukia kitambaa kipya na mafuta ya nazi. "Acheni kusumbuka na simu," akasema. "Nilikuwa nangoja niwaambie pamoja. Maitu, mama yangu, amepiga asubuhi. Anasema hakuna kulipa mahali. Tutalala kwake. Nyumba iko na vyumba vya kutosha, mimi kimoja na wewe kimoja, na msitu unaanza nyuma ya jikoni. Ukilala unasikia hondohondo wakilia kama uko ndani ya kiota chao." Sauti yake ilikuwa laini, kama ya msichana. "Anasema mtu humjui ukimwona kwa meza. Unamjua ukimwona akiamka. Anataka kukuona ukiamka."

Nikaweka kikombe chini.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi nini?"

"Kulala kwa mama yako."

Cate aliacha kushona. Keziah akasogea kidogo, bega lake likaondoka, na mahali lilipokuwa pakaingia baridi.

"Kwa nini?"

Nilidhani ananitania. Mtu mzima, ameishi Kitengela miaka na miaka, amezungukwa na watu wetu kila upande, ananiuliza kwa nini? Nilimwangalia nione kama atacheka. Hakucheka.

"Si unajua," nikasema.

"Sijui. Niambie."

"Hiyo ni kitu haiwezekani, Keziah. Nitakuja kumsalimia mchana, nitasimama hapo nje. Lakini kulala, hapana. Wacha tuchukue banda."

"Nyumba ya mamangu iko na nini?"

"Haina kitu."

"Ni ya mabati? Ni ndogo? Umezoea gorofa?"

"Mimi? Gorofa?"

"Unataka ulale mahali nyani wanaiba miswaki, lakini kwa mamangu huwezi!"

"Ni kima," nikasema, na nikajua papo hapo nimesema kitu kibaya.

Aliinuka. Futi kamba ikaanguka, hakuiokota. "Huyo mama amenunua blanketi mpya kwa sababu yako. Ameuza jogoo wake akanunua blanketi. Tunasafiri Ijumaa, Baba Naisula. Kama unalala kwa mamangu, njoo na mkoba wako. Kama hulali, baki na mageti yako, na tusisumbuane tena. Sina umri wa kuzungushwa na mwanaume anayewaonea haya watu wetu."

"Keziah..."

"Cate, mpatie anko chenji yake ya chai."

Chai hiyo sikuwahi kulipia hata siku moja. Alisema tu anipige nayo, na ilinipata.

Jumapili nikaenda Kajiado kwa dadangu Soipan. Anauza maziwa karibu na soko. Nilimkuta amevaa nguo zake za kanisa, anaosha mitungi nje.

"Soipan, takwenya."

"Iko. Mbona uso wako umerudi ule wa zamani?"

Nikamwambia yote. Alisikiliza akisugua mtungi, na nilipofika kwa blanketi na jogoo aliacha kusugua.

"Ngoja. Yeye anataka ulale nyumba moja na mama yake? Na mama mwenyewe yuko ndani?"

"Yuko ndani."

"Mungu wangu. Mbona asikuambie utembee uchi sokoni?"

Kwetu sisi Wamaasai mama mkwe ni mtu wa heshima, na heshima yenyewe ni kumpisha. Huli mbele yake. Humtazami usoni. Mkikutana njiani kila mtu anashika upande wake. Na kulala naye chini ya paa moja, hilo hata mlevi hafanyi. Soipan alijua, mimi nilijua, na nilidhani dunia nzima inajua.

"Si ndiyo nakuambia," akasema, "huyo Keziah wako hatujui sisi. Hajui enkanyit, hiyo heshima yetu. Kwani wamekwisha wenye wanajua? Kuna Nalangu, yule wa duka la mbegu. Anajua kila kitu."

"Na anakisema chote. Nilipanda naye gari mara moja, nikashuka kabla ya stendi."

"Na huyu wako ataishia kukuambia uuze ile ploti ya baba."

"Ploti ya baba iliuzwa na kamati, Soipan. Watu wetu wenyewe, wenye muhuri. Keziah alikuja nikiwa sina cha kuuzwa."

Akanitupia kitambaa nikaushe mitungi. Tukakausha.

"Marehemu alikuwa mpole," akasema. "Huyu nasikia anafoka."

"Anafoka."

"Na wewe unapenda?"

"Nilikaa kwa hiyo nyumba na ukimya mpaka nikaanza kuujibu," nikasema. "Sasa asubuhi akivuka barabara kuja kunigombeza, nikisikia hizo kandambili zake, moyo wangu unakimbia kama wa kijana. Kama hajavuka, geti ninalochomelea siku hiyo linatoka limepinda. Uliza wateja."

Soipan akainamia mtungi, lakini niliona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka.

"Mzee mzima," akasema. "Basi wiki hii mageti ya Kitengela yote yatapinda. Nenda ukamweleze, na ukimleta hapa atakuta maziwa. Lakini kwa mama yake usilale! Ukilala huko, usije kwangu."

Kwa hivyo nilirudi Kitengela nikiwa nimefungwa pande mbili. Nikilala, nimekosea mama yake. Nisipolala, nimempoteza Keziah. Jumatatu nilivuka barabara, akasema ana mteja. Jumanne akasema ana wateja. Jumatano duka lilikuwa tupu kabisa, akasema amechoka kwa sababu ya wateja. Macho yake yalikuwa mekundu, na mimi kwa ujinga wangu nikamuuliza kama ni vumbi.

Alhamisi mchana niliona mkoba na mfuko wake mlangoni, tayari kwa safari. Mkoba mmoja, mfuko mmoja. Nikazima mashine, nikavuka.

"Nimekuja kukueleza," nikasema.

"Unalala ama hulali?"

"Silali, lakini..."

"Basi umemaliza kueleza."

Simu yake ikalia juu ya meza. Cate akachungulia. "Ni shosho."

Keziah aliiangalia hiyo simu, akaniangalia mimi, na nikaona amekasirika mpaka amekuwa mrembo zaidi, kitu ambacho si haki. Akabonyeza kipaza sauti. "Maitu, uko salama? Huyo mtu yuko hapa. Amekataa kulala kwako. Mimi ameshindwa kuniambia sababu, labda wewe atakuambia. Haya, Baba Naisula. Mwambie mwenyewe."

Sikuwa nimejiandaa. Sauti ya mama ikatoka kwa ile simu, nzito kidogo, ya mtu wa miaka mingi. "Hujambo, mwanangu?"

Nilishtuka, nikageuka, na kabla sijafikiria miguu ilikuwa imenitoa nje. Nikajikuta nimesimama kwa veranda, mgongo kwa duka, uso kwa ukuta.

"Sijambo, mama," nikauambia ukuta. "Shikamoo."

"Mbona sauti yake iko mbali?"

"Shosho, ametoka nje," Cate akasema. "Anaongea akiangalia ukuta."

"Anaangalia ukuta?"

"Ee. Na ameinamisha kichwa. Anko, ni simu tu, hakuoni!"

"Lakini mimi namsikia," nikasema.

Halafu mama akauliza polepole, "Wewe ni Mmaasai wa Kajiado, sindio?"

"Ndio, mama."

"Na nikikupikia, utakula nikiwa hapo?"

"Hapana, mama. Naomba usinikasirikie. Siwezi kula ukiwa hapo, na kulala ndani ya nyumba yako siwezi. Blanketi nashukuru. Hata jogoo nimesikia. Lakini wewe nakuheshimu sana. Siwezi."

Nilingoja matusi. Kilichokuja ni kicheko, kicheko kirefu cha mwanamke mzee, mpaka simu ikawa inakwaruza.

"Keziah!" akaita. "Wewe, msichana wangu, ulisoma mpaka wapi? Baba yako alipokuja kwetu mara ya kwanza alijitupa kwa shamba la mahindi ili asikutane na mamangu njiani. Nguo ya kanisa ikararuka. Muthoni, yaani mkwe, haonwi hivi hivi! Ni nyinyi wa siku hizi mnakaa na wakwe zenu kwa sofa moja mkigombania rimoti." Akakohoa, akacheka tena. "Mtu hamkimbii mama wa rafiki yake. Huyo ameshakuoa. Ni wewe tu hujaambiwa."

Mashine ya Cate ilikuwa imenyamaza, na nikasikia kandambili zikija.

Keziah alisimama upande wangu, naye akaangalia ukuta, kana kwamba kuna kitu kizuri kimeandikwa hapo. Alikaa hivyo mpaka nikasikia anavyopumua.

"Ni kweli?" akauliza.

"Nilidhani unajua."

"Ningejuaje?"

"Si nilikuambia uchague pazia za nyumba yangu yote? Hata za jikoni? Nikakuambia uchague rangi unayopenda wewe?"

"Nilidhani wewe ni mteja!"

"Mteja gani ana nyumba ya madirisha manne na ananunua pazia kila mwezi?"

Akafunika mdomo. "Nilisema labda unauza kwa watu."

"Ziko zote kwa nyumba. Hata mlango wa choo uko na pazia."

Ndani Cate alilala juu ya mashine akicheka. Keziah naye mabega yalianza kutikisika, lakini aliposema tena, sauti haikuwa ya mchezo. "Mimi nimelia tangu Jumamosi. Nimejiambia huyu anataka tu mtu wa kunywa naye chai. Mambo ya pazia siyajui, na ya ukuta siyajui. Nataka nisikie kwa mdomo wako. Sema."

Nimepigana na maaskari wa jiji na karani wa maji, lakini hapo nilishindwa.

"Keziah, maisha yangu yote nimeomba vitu kwa watu waliokaa nyuma ya meza," nikasema. "Nimeomba maji, nimeomba haki ya ardhi, nimeombea mke wangu pumzi. Na wote wananiambia nirudi kesho. Nikaacha kuomba. Nikaona afadhali mtu anunue pazia anyamaze."

Alinigeuza kwa bega. Macho yalikuwa yamejaa, na mwanya ulikuwa unataka kutokea.

"Mimi sina meza," akasema. "Omba."

"Nataka uwe mke wangu."

Alikunja kola ya ovaroli yangu, akaikunjua, akapangusa masizi kwa shavu langu na kidole gumba, na hicho kidole kikakaa hapo shavuni muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Rudi kesho," akasema.

Moyo ukaniruka. Akacheka, machozi yakimwagika.

"Rudi kesho asubuhi na mkoba wako, wewe mwanaume! Ndio! Nimesema ndio. Si tunasafiri?"

Nilimshika mikono yote miwili, pale pale kwa barabara ya Noonkopir, watu wanapita, lori la mchanga linapiga honi. Kama kulikuwa na mkubwa yeyote Kenya nzima aliyekosa siku hiyo, nilimsamehe mpaka jioni.

"Keziah!" ile simu ikaita kutoka ndani. Hakuna mtu aliyekuwa ameikata. "Niko hapa bado! Amesema nini?"

Cate akaileta mbio. "Shosho, amesema anamuoa, na anti amekubali!"

"Asante Mungu. Sasa sikilizeni, mambo ya kulala napanga mimi. Yeye achukue banda hapo msituni. Chakula, Ngugi, kijana wa hapa kwangu, atampelekea, na asubuhi Ngugi ataniambia ameamka vipi. Keziah atalala kwangu, hapa ndani, mpaka wazee wake waje na mbuzi wa mahari."

Keziah akaniangalia. Mimi nikaangalia chini. Baada ya kuchagua wiki nzima, mimi ndiye nitalala na kima peke yangu.

"Poa, nabuki sasa hivi," Cate akasema, vidole vinakimbia kwa simu yake. "Shosho, ziko aina mbili. Kuna ya kitanda cha mtu mmoja na kuna ya kitanda kikubwa."

"Cha mtu mmoja!"

"Cha mtu mmoja," Keziah akakubali kwa adabu kama msichana wa kwaya. Halafu akamsogelea Cate, mkono wake bado uko ndani ya wangu, akateremsha sauti. "Lakini waulize kama ile ya kitanda kikubwa iko wazi Desemba."

"Nimesikia," ile simu ikasema.